Vitenge vya Siku ya Kurudi

Jumamosi, nikishafunga duka la dawa ninapofanya kazi hapa Mbarara, huwa napitia kwa mafundi cherehani wa sokoni kuomba vipande wanavyotupa. Mmoja wao hunicheka kila mara, ananiuliza kama nyumbani nafuga panya wanaohitaji matandiko. Namwacha acheke. Jioni navimwaga sakafuni, navipanga, navipangua, chai inapoa pembeni na moyo wangu unatulia kabisa. Ukiniuliza nani alinitia ugonjwa huu, rafiki yangu, itabidi nikupeleke kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kwenye nyumba ya udongo ya bibi yangu.

Tulikuwa wawili tu. Bibi alikimbia Kivu ya Kusini akiwa amenibeba mgongoni, kwa hiyo kijiji chake nilikijua kwa masimulizi. Kwangu mimi kwetu palikuwa hapo hapo: vumbi, mlio wa vinu vya majirani wakitwanga sombe, majani ya muhogo, alasiri, ng'ombe wa wenyeji na pembe zao ndefu, harufu ya maharage yaliyokaa motoni tangu asubuhi. Bibi alilima, aliuza, aliimba kanisani na akina mama wenzake, lakini hakupahesabu kuwa mahali pa kukaa. Hata mti wa parachichi alikataa kupanda. Alisema utazaa tumeshaondoka.

Ndiyo maana vitenge vyake vizuri sikuwahi kumwona navyo mwilini. Alikuwa amevibeba kichwani siku ya kukimbia, na tangu hapo vilikaa kwenye furushi pembeni mwa kitanda. Wanawake wengi wa rika lake walikuwa na furushi la namna hiyo. Nguo nzuri ilikuwa ya siku ya kurudi, kwani utaingiaje kijijini kwako na matambara? Pasaka na Krismasi bibi alivaa kile kile kilichopauka. Mimi niliruhusiwa kutazama tu pindo lililochomoza kwenye fundo, rangi ya chungwa yenye ndege wa buluu, na nililitamani kuliko sukari.

Mwaka mmoja maneno yakaenea kwamba kule kumetulia. Bibi akafungua furushi ili avianike. Mchwa walikuwa wamemtangulia. Kitenge kilichokunjwa kikiliwa mahali pamoja, ukikikunjua unakuta tundu lile lile limejirudia kwa mstari kutoka upande hadi upande. Bibi alikunjua cha kwanza, cha pili, akaendelea hadi cha mwisho. Hakulia. Niliyelia ni mimi.

Siku hiyo alikuwepo mteja wake wa maharage, mke wa mwanajeshi kutoka kambi ya jeshi ya Mbarara, mama mnene mwenye kicheko kikubwa. Alikishika kitenge kimoja, akakielekeza kwenye jua.

"Jaja, hii bado iko muzuri," alimwambia bibi, ndiye jaja, kwa Kiswahili cha kambi ya jeshi. "Kata pahali iko muzima, unga pamoja. Sisi kule baraksi tunatengenezea watoto blanketi hivo hivo."

"Hapana, mama. Hizi ni za kurudia nazo kwetu. Siwezi kuzikata."

"Na matundu yote hii, utarudi nayo?"

Bibi alivikunja tena, kimoja kimoja, akafunga fundo.

Safari iliyofuata yule mama aliniletea mimi mfuko wa vipande, sindano, na mraba aliokata kwenye katoni ya sabuni uwe kipimo changu. Akanionyesha kuchora, kukata, kulaza vipande nakshi zikitazamana, kushona hatua ndogo ndogo. Basi, nikapotea! Niligundua kwamba kitambaa kibaya, ukikipatia jirani anayefaa, kinapendeza. Hakuna aliyenituma kazi ile. Ilikuwa yangu mwenyewe. Maharage yaliungua, bibi akafoka, kisha nikamsikia nyuma yangu: "Toa ile ya majani apo. Itie fasi ingine." Nikaihamisha ile ya kijani, na kweli, alikuwa na jicho.

Kisha malori yakaleta wakimbizi wapya, na kati yao mwanamke wa kijiji cha bibi. Walikaa jikoni muda mrefu. Nilisikia mgeni akisema, "Hakuna mutu alibakia kule. Batu bote balikimbia." Bibi alimpakulia chakula.

Asubuhi aliketi kwenye mkeka na furushi mapajani. "Leta mukasi, mutoto yangu."

Alianza na kile cha ndege. Mkasi wetu ulikuwa butu; alianza, akaacha, akaanza tena. Baada ya hapo hakusita tena. Kila kipande alikitaja: hiki nilivaa kwenye harusi ya mama yako, hiki babu yako alininunulia alipouza ng'ombe. Vipande tulivyounga vikawa juu, katikati tuliweka blanketi la kijivu tulilopewa tulipofika, na chini magunia ya unga yaliyofuliwa. Tuliposhona mshono wa mwisho nilileta kamba, kwa sababu nilijua vitu vizuri hufungwa.

Bibi alinipokonya kamba. Alilitandika blanketi letu jipya kitandani, akalinyoosha pembe zote, akakaa juu yake. "Tutalalia leo," alisema. "Leo hii."

Bibi amezikwa kule kule Nakivale. Mume wa yule mama alihamishwa, sikujua walikopelekwa, na shukrani zangu zimenibakia mdomoni. Nyumba yetu ilianguka. Watu wengine wanalima mahindi pale. Wanaosikia habari hii huniomba niwaonyeshe blanketi, nami nawaambia halipo. Lilimfunika bibi hadi mwisho, likanifunika mimi, likafunika wageni waliofika na nguo za mwilini tu. Lilifuliwa mpaka ndege wakafutika, na mabaki yake tukashikia sufuria za moto. Wananihurumia, wanasema ningelihifadhi. Mimi sina huzuni nalo hata kidogo. Mchwa hawakulipata. Tulilimaliza sisi wenyewe.