Herufi Zilizomwagika Kanyangi

Nakumbuka asubuhi ile ya Kanyangi, huku kwetu Ukambani, mwanangu, kwa sababu ya mlio wake. Sanduku la herufi za risasi likianguka sakafuni ni kama mvua ya mawe juu ya bati, halafu kimya.

Nilikuwa msichana bado, ndio kwanza nimeanza kazi ya kupokea wanafunzi katika makumbusho yetu. Usifikirie jumba kubwa. Ilikuwa stoo ya kanisa iliyopakwa chokaa, ndani mna vibuyu, vigoda vya miguu mitatu, na mashine ya kuchapa ambayo kanisa liliacha kuitumia likatuazima pamoja na herufi zake. Wewe leo unabadilisha mwandiko kwa kugusa simu. Zamani kila herufi ilikuwa kipande cha madini ya risasi, kirefu kama pingili ya kidole, kimechongwa kinyume ili kikichapwa kisomeke sawa.

Siku hiyo walikuja watoto wa shule ya jirani. Mmoja wao alikuwa Halima, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe aliyehamia kwetu kutoka Garissa. Kikamba hakukijua, na wenzake walikuwa bado hawajamzoea, kwa hiyo alisimama nyuma. Aliponyoosha shingo ili naye aone, akaegemea meza, na sanduku likapinduka. Herufi zote zikamwagika.

Mwenyekiti wetu, Mzee Kioko, akaja mbio. Hakuwa mtu mbaya, aliogopa tu kanisa litachukua mali yake.

"Basi, imetosha," akasema. "Zikishaokotwa, zifungiwe ndani ya kioo. Watoto wataangalia kwa macho."

Nilihisi amenikata mikono. Mbele ya vioo watoto walipiga miayo. Kwenye herufi ndipo walipoamka, kwa kuwa huko walishika na kunusa wino. Nikapiga magoti nikaanza kuokota, machozi yakinilenga.

Ndipo Susu Ndanu akanigusa bega. Susu kwa Kikamba ni nyanya, na sote tulimwita hivyo. Alikuwa amepanga herufi zile tangu ujana wake mpaka mashine ilipozimwa, na siku za wageni alikuja kunisaidia.

"Mwana wakwa," akaniambia polepole, "unaokota risasi. Mtoto umemwacha wapi?"

Nikainua kichwa. Halima hakuwepo.

Nilimkuta nyuma ya tangi la maji, uso ameuficha kwenye mtandio.

"Madam, mtanirudisha nyumbani?"

"Nani amesema? Susu anakuita. Kuna kazi."

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, lakini hilo walilisema juu ya maji. Tuliporudi ndani, Susu alikuwa amekaa chini katikati ya watoto, miguu ameinyoosha kama mtu anayechambua pojo. "Kila herufi ina ndugu zake," aliwaambia. "Zitafuteni, mzirudishe nyumbani kwao."

Mwanangu, sijawahi kuona somo kama lile, na wala halikupangwa. Watoto walibishana kama hii ni b au d, wakazigeuza, wakazipapasa kwa kidole gumba. Mmoja akauliza kwa nini herufi a zimelika kuliko nyingine. "Kwa sababu tuliimba sana," Susu akajibu, akacheka, kisha akaeleza kwamba vitabu vya nyimbo za kanisani vilichapwa kwa herufi hizo hizo, na a ndiyo iliyofanya kazi kuliko zote. Mwingine akapata u yenye kofia. "Hiyo ni yetu Wakamba," Susu akasema. "Ilichongwa ili mũndũ, yaani mtu, aandikwe vile mama yake anavyomtamka." Watoto wakaitamka wote pamoja, na Halima naye akaijaribu. Walicheka, ila si kwa ubaya, maana waliomcheka ndio waliomfundisha.

Kisha Susu akapanga mstari mmoja kwenye kibao cha chuma, akauliza nani anaweza kuusoma. Wakakwama. Herufi ziko kinyume, na mstari unaanzia kulia. Mara sauti ndogo ikasoma bila kusitasita: "Mgeni njoo, mwenyeji apone."

Alikuwa Halima.

"Umejuaje?" nikamuuliza.

"Madrasa tunaanza kulia," akasema, kama mtu anayeeleza kwamba jua ni moto.

Wenzake wakamzunguka awaonyeshe. Susu akampa roli ya wino, tukabana karatasi, tukavuta mkono wa mashine. Ile karatasi ya kwanza, wino bado mbichi, Halima aliibeba kwa mikono miwili akampelekea Mzee Kioko. Mzee aliisoma, akamtazama mtoto, akaisoma tena.

"Ni wewe uliyemwaga?"

"Ndiyo, baba."

"Na ni wewe uliyechapa?"

"Ndiyo. Na hawa."

Mzee akakohoa, akageuka kwangu. "Kile kioo," akasema, "kitumieni kufunika vibuyu, si herufi." Akaondoka na karatasi yake mfukoni. Juma lililofuata shule ile ilirudi, na Halima akasimama mbele karibu na mashine, akiwafundisha wadogo kusoma kuanzia kulia.

Basi mwanangu, sasa ni zamu yako kuwapokea watoto wa watu. Vitu vya kale vitunze, lakini usivipende kuliko mtoto aliyekuja kuviona. Herufi ikianguka, mwokote mtoto kwanza. Mruhusu ashike, na kitu kikilika kwa kushikwa kwa heshima, usikililie sana. Tena usidhani aliyesimama nyuma hana alichokuja nacho. Mpe nafasi, utashangaa. Kujikwaa si kuanguka, bali ni kwenda mbele. Na baada ya kushika risasi wote wanawe mikono kwa sabuni, maana ina sumu; hilo usilisahau, Susu alinigombeza nalo kila siku ya wageni.

Mungu akupe macho ya kuwaona walionyamaza, na mikono isiyochoka kuokota. Mlango wako usikose wageni, na kila mtoto atakayeingia kwako atoke amesimama wima. Nenda salama, mwanangu.