Fimbo Niliyoing'oa kwa Mzee Kaaya

Nilikuwa nimeapa kufa na aibu hii, lakini kwa kuwa mmeshanicheka kwa madogo kuliko haya, basi sikilizeni na kubwa lenyewe mmalize kabisa.

Wakati ule nilikuwa fundi mwashi kwenye boma la Wadachi hapo Arusha, mtu wa Pangani natetemeka kila asubuhi kambini kwa baridi ya Meru, na mwaka wa nne ulikuwa unakatika sijamtia machoni mke wangu Mwanaheri. Nilimtamani mke wangu, siwafichi. Nilikuwa napaka chokaa huku nazungumza naye (wenzangu wakadhani nimerukwa na akili). Kila mpagazi aliyetoka pwani aliniletea neno lake lile lile: "Kambini siji. Pata kiwanja, hata cha kulaza kuku, nami niko njiani."

Kiwanja kikapatikana, juu ya Sekei, kwa Mzee Kaaya, Mmeru mpole ambaye migomba yake ilifika hadi mlangoni, na ubavuni unapita mfereji wa maji ya mlimani. Tulipatana niende na mbuzi, nimtajie ninachotoa. Nikafika mapema, yeye yuko mferejini anageuza maji. Hapo ndipo akili yangu ikaniambia, Hamadi, usitaje kitu kabla hujapima, ugenini hapa utauziwa upepo, na mbona Wadachi wanapima kila kitu? Sina kamba. Pembeni nikaona safu ya mimea mirefu ya majani membamba, haina tunda wala ua, nikajua haina mwenyewe, nikang'oa mmoja ulionyooka nikaanza kupima: hapa kitanda, pale jiko, hapa Mwanaheri atakaa asuke ukili (nikakaa kabisa, na kwa kitambo nikamwona).

Nilipoinuka, jirani, Mzee Mbise, alikuwa ananitazama mikono. Shikamoo yangu hakuiitikia. Aliita mara moja kwa Kimeru, na migombani wakatoka watu sijui walikuwa wapi, na Mzee Kaaya nyuma yao, miguu tope tupu.

"Hamadi, umeng'oa sale?"

"Nimechukua fimbo tu, mzee, nipime kisha nikutajie."

"Huo ndio mpaka wangu na Mbise. Babu zetu waliupanda siku walipoacha kupigana."

Mbise akasema taratibu kwamba anayeng'oa mpaka kabla hajanunua, akinunua atahama na mfereji. Watu wakacheka, nami nikapandwa na hasira (na hasira zangu mnazijua), nikamnyooshea ule mmea karibu na pua: "Basi shika fimbo yako."

Wanawake wakaziba midomo. Kumbe kwao anayekunyooshea sale anakuomba radhi, na ukinyooshewa huwezi kukataa. Mimi niliyekuja juu, nikawa nimeomba msamaha mbele ya ukoo mzima. Mbise aliupokea, akasema, "Amesamehewa," kama mtu aliyelambishwa shubiri, na kicheko kilichofuata nadhani kilisikika bomani.

Wakanipigisha magoti niupande upya, nikisawazisha udongo kwa viganja, huku mbuzi wangu anachinjwa viliwe pamoja msamaha na nyama. Nikamuuliza Mzee Kaaya, "Na kiwanja, mzee?"

"Msamaha umepata, mwanangu," akasema, na aliniona machozi akatazama pembeni. "Kiwanja hapana. Mbise hawezi kulala na jirani anayemtia hofu ya mpaka."

Tangu siku ile sigusi jani la nchi ya watu kabla sijauliza ni la nani, hata liwe limeanguka lenyewe. Sale lile lilishika, likachipua. Nikipita juu ya Sekei naliona, nami niko upande wa njia.

Mwanaheri nilimtumia habari yote bila kuficha, nikijua atanitukana. Hakutukana. Mpagazi alirudi na swali moja tu: jiko ulikuwa umeliweka upande gani?

Nikamwambia amjibu, upande wa mfereji, asipate taabu ya maji.