Maji ya Bwaise na Mashairi ya Wagiriki

Kwa siku nne, ndefu kama mwaka mzima, niliamini kwamba mimi ndiye niliyeyamaliza mashairi ya Wagiriki wa kale. Habari hizo alinipa binamu yangu Juma, mzee wa miaka kumi na mitatu, huku kitabu cha maktaba kikikaukia kando ya sigiri na chumba chetu cha Bwaise, bondeni Kampala, kikinuka makaa, matope na karatasi mbichi. Mafuriko yalikuwa yamepanda hadi kwenye godoro (naapa nilimwona kambare akipita mlangoni kama mpangaji), na kitabu kilikuwa sakafuni. Nilipokifungua kwa mara ya kwanza, katikati ya mistari palikuwa na mapengo yenye vinukta tu. “Maji yameosha maneno,” akasema Juma. “Na kitabu chenyewe ni hicho kimoja duniani. Wewe bwana! Wanajeshi watashuka kutoka kambi ya Mbuya kukufuata.”

Kitabu nilikabidhiwa na Bi Safia, mkutubi wetu, nijizoeze kusoma kabla ya Jumamosi. Hadi wakati huo alikuwa akitusomea mwenyewe, sisi watoto tisa, Wanubi, Wakongo na Waganda, tuliounganishwa na Kiswahili cha kuokoteza. Alisoma polepole, hapa na pale akinyamaza, nasi tukidhani anavuta pumzi. Yalikuwa mashairi mafupi, yaliyoimbwa zamani kwa kinubi, ya kumkumbuka aliyekwenda mbali. Mama yangu alikuwa Juba akipika hotelini. Pale mezani pa Bi Safia ndipo mahali pekee nilipoweza kumkumbuka bila Juma kuniita mtoto wa kunyonya. Ningefukuzwa hapo, ningemkumbukia wapi?

Basi nikashika penseli nikayatengeneza mashairi. Palipopotea maneno ya mtu anayemngoja mwenzake, nikaandika, “Nimekuwekea sahani yako.” Mahali pengine nikaandika, “Mvua ikiisha, rudi.” Nilijaza mapengo yote, nikajiona fundi kuliko mafundi wote wa Katwe.

Jumamosi Bi Safia alifungua kitabu, akasoma mistari miwili, akafika kwenye mwandiko wangu. Akausoma kwa sauti, taratibu, kama mingine. Hakuna aliyecheka. “Nani kaandika hapa?” Nikalia machozi ya kuigharikisha Bwaise upya, nikakiri yote: maji, dunia nzima, wanajeshi.

Leo nina cheti cha shule ya jioni, nilichokipata kichwa kikiwa na mvi, na simu yangu huniletea mashairi mengi kuliko mbu wa kwetu. Nayasoma mbiombio, nikiwa nimesimama. Sijapata tena chumba ambacho watu hukaa kimya kulisubiri neno lisilokuwepo. Siku ile Bi Safia alinifuta uso kwa ncha ya mtandio wake.

“Mwanangu, mashairi yenyewe yamekuja na mapengo haya. Karatasi zake zilioza hukohuko kwa Wagiriki, kabla babu wa babu yako hajazaliwa. Maji yenu yamelowesha jalada tu.”