Reli ya Ayalandi Barazani Voi

Juzi nilikwenda Voi kuzika, na nilipotoka huko sikutaka kurudi moja kwa moja kwenye zogo la matanga. Nikapita nyuma ya stesheni, polepole, maana magoti yangu siku hizi yana amri zao. Landhi tulizokaa, zile nyumba za wafanyakazi wa reli, zimebaki nusu. Chumba chetu kimevunjwa, pamesalia sakafu na kipande cha ukuta chenye chokaa. Ile nyumba ya mkaguzi wa njia, iliyo juu kidogo, bado imesimama, lakini baraza lake limezibwa kwa matofali likawa ghala la saruji. Nililitazama mpaka mlinzi akaja kuniuliza, "Mama mkubwa, umepotea?" Nikamwambia hapana, nimechoka tu. Sikuwa na nguvu za kumweleza kwamba pale, nilipokuwa na umri wa miaka tisa au kumi, ndipo tulipojenga reli ya nchi ya watu.

Wewe nitakueleza. Wewe tumezoeana.

Baba yangu alikuwa seremala wa reli. Mama alifariki nikiwa mchanga, kwa hiyo nililelewa na nyanya, mama yake baba, aliyekuja kutoka Mombasa na mkeka wake mmoja akisema anakaa mwezi, akakaa hadi kufa kwake. Nilikuwa na kaka pia. Vita vya Wajerumani vilipokuja, kaka alichukuliwa upagazi, akaenda na njia ya Maktau akiwa na mzigo kichwani, na hatukumwona tena. Hatukuletewa hata shati lake. Baada ya hapo baba alipunguza maneno. Alikuwa akirudi kazini jioni na unga wa mbao kwenye nyusi, anakaa kizingitini, nyanya anampa chai ya tangawizi, na unaweza kusikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe kwa sababu hapakuwa na sauti nyingine.

Bosi wake alikuwa mkaguzi wa njia, Mzungu mwembamba mwenye shingo nyekundu, aliyekuwa akipita juu ya reli kwa kigari cha kusukumwa, kutoka Maungu mpaka mbele huko, akigongagonga mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli. Nisikudanganye kwamba tulimpenda. Alikuwa mkali, na akiita watu hakuuliza kama wamekula. Jambo moja tu lilimfanya awe tofauti na wenzake: ukimwita Mwingereza alikasirika. "Mimi Ayalandi," alisema, akijigonga kifua. Baba alisema Mzungu ni Mzungu, na nyanya akasema hata sisi wanatuita sote boi.

Siku moja baba alirudi amechelewa, na alipokaa kizingitini alisema, "Bwana amepata barua. Kwao wanapigana, ndugu kwa ndugu. Daraja la reli yao wamelivunja, na stesheni wameichoma moto."

"Yeye anataka nini kwako?" nyanya akauliza.

"Anataka nimtengenezee."

"Stesheni?"

"Stesheni, daraja, njia nzima. Ndogo, ya kuwekwa juu ya meza. Kama ilivyokuwa kabla."

Nyanya aliacha kusuka ukili wa mkeka. "Na wewe utalala saa ngapi?" akasema.

Ndivyo ilivyoanza. Kila siku king'ora cha karakana kilipolia, wenzake wakienda kuoga, baba alipanda kwenye lile baraza. Mimi nilitumwa kumpelekea chakula, mahamri na mbaazi ndani ya kibakuli, na kwa kuwa sikufukuzwa nilibaki, na kwa kuwa nilibaki nilipewa kazi. Vidole vyangu vilikuwa vyembamba kuliko vyao. Mataruma yote ya ile reli, njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa, ni mimi niliyeyapanga. Reli zenyewe zilikuwa waya mkongwe wa simu, baba aliugonga juu ya fuawe mpaka ukanyooka. Majumba yalitoka kwenye masanduku ya chai, na ukichungulia ndani ya ile stesheni ungeona maandishi ya dukani yamepinduka.

Bwana alifanya kazi kwa kumbukumbu. Baba yake alikuwa dereva wa gari la moshi kwenye njia hiyo, njia fupi tu, kutoka mji mdogo hadi baharini, na yeye alikuwa akipanda naye utotoni. Alifumba macho akasema kwa Kiswahili chake, "Hapa kisima. Hapa njia nakunja. Hapa mama moja nafungua geti." Akikosea alivunja alichojenga na kuanza upya. Tulibandua ile kona ya kisima mara tatu. Baba alichukua tu patasi. Majina ya stesheni zao yalitushinda, tukayapa yetu: Ya Kanisa, Ya Daraja, Ya Pwani.

Alitaka pia watu wa mbao na ng'ombe. Hapo mwalimu wangu wa chuo cha Kurani, aliyesikia habari hizo kwa majirani, alimwita baba msikitini akamwambia, "Nyumba chongeni, miti chongeni. Chenye roho acheni." Baba akamweleza Bwana, akiogopa. Bwana akasema basi, hata kwao watu wengi wameondoka. Kwa hiyo nchi ile ilibaki na milango wazi na hakuna mtu.

Kichwa cha gari kilikuwa kazi nyingine. Hicho hakikutoka Voi. Bwana alikuja nacho ndani ya sanduku lake la nguo, kichwa kidogo cha bati alichotengenezewa na baba yake, kimepondeka, rangi imebanduka, magurudumu mawili hayapo na matatu yamepinda. Baba alikipenda kile kitu. Ndicho kitu pekee nilichomwona akikishika kwa mikono miwili, kama anayepokea mtoto mchanga. Alinyoosha bati lake kidogo kidogo kwa nyundo ya mpini mfupi, akaziba nyufa kwa risasi ya kulehemu, na ndani akatia kamani ya saa mbovu ya ukutani, ile springi inayojazwa kwa ufunguo. Yakabaki magurudumu.

Bwana alikwenda ukaguzi upande wa Maktau, akarudi na mfuko wa turubai. Akaumwaga mezani. Yalikuwa maganda ya risasi, ya shaba, yamejaa kule porini tangu vita. "Fundi," akasema, "shaba zuri. Kata gurudumu."

Baba aliyaangalia. Aliokota moja, akaligeuza, vumbi jekundu likamwagika kutoka ndani yake. Akalirudisha mahali pake taratibu, akafunga zana zake ndani ya kitambaa.

"Hii sikati, Bwana."

"Nini? Shaba mbaya?"

"Shaba nzuri. Mwanangu alibakia huko ulikoitoa."

Mimi nilikuwa nimekaa chini na njiti zangu. Sikuwahi kusikia mtu wa landhi akimwambia yule Mzungu "sikati." Watu walikuwa wakifukuzwa kwa kuchelewa dakika tu, na chumba ukakiacha siku hiyohiyo. Baba alinishika mkono tukashuka. Nyanya alipoambiwa, hakumlaumu. Alianza kukunja nguo.

Siku tatu baba alikwenda karakana akarudi, akatarajia kuitwa ofisini, hakuitwa. Siku ya nne, tukiwa tunakula, Bwana alisimama mlangoni kwetu, kofia mkononi. Hakuwa amewahi kufika. Uso wake ulikuwa wa manjano, maana ile homa iliyokuja kumrudisha kwao ilikuwa imeshamwanza. Aliniangalia mimi, akaangalia sufuria, akaangalia nyanya, mwisho akamwambia baba, "Mimi iko ndugu. Naye amekufa mwezi ile, kwetu. Yeye napigwa na watu ya kijiji yetu." Akatoa chini ya koti taa mbovu ya shaba, ya gadi wa gari la moshi. "Hii hapana ya vita."

Baba aliipokea. Nyanya akasogea kwenye mkeka, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mwambie akae, asisimame juu ya chakula." Akakaa. Alikula mbaazi kwa vidole, vibaya. Nakumbuka nilifikiri kwamba wanaume hao wawili wamechoka kwa namna moja, kama ng'ombe wa mkokoteni mmoja.

Magurudumu yakakatwa. Lililobaki lilikuwa rangi ya nchi. Nyanya alikuwa fundi wa kutia ukili rangi, basi tulichemsha unga wa mbao na rangi yake kwenye debe mpaka ukawa chanikiwiti, tukauanika, tukaumwaga juu ya gundi. Bwana alitikisa kichwa. "Kijani zaidi." Tukachemsha tena. "Zaidi." Nyanya alikasirika, akasema hakuna kijani zaidi ya hapo ila peponi. Lakini mimi sikumlaumu Bwana. Nilikuwa mtoto wa Voi. Nilijua vumbi, na miiba, na makonge. Nchi yenye kijani juu ya kijani sikuwa na pa kuiwekea akilini.

Alikuwapo mama mmoja Mtaita aliyeshuka siku za soko na ndizi na viazi, na alikuwa akipumzika kwetu akinywa maji. Aliona unga wetu ukianikwa, akacheka. "Hiyo mnayotafuta iko kwetu," akasema. "Niazime huyu mtoto." Nikapanda naye milima yao ya Dawida kwa miguu, kutwa nzima, mpaka nikalia. Ukungu ulitukuta njiani. Sikujua baridi ni nini mpaka siku hiyo. Alinilisha kimanga cha moto, mihogo na maharagwe yaliyopondwa pamoja, nikalala katikati ya binti zake, na asubuhi akanipeleka mtoni. Mawe yote yalikuwa yamevaa majani madogo mno, laini kama sufi, yakidondosha maji, ya kijani ambacho hata sasa nikikieleza nakosea. Tulibandua tukajaza kikapu, tukakifunika kwa majani ya mgomba.

Nilipomwaga kikapu kile mezani, Bwana aliweka kiganja juu yake. Akakiacha hapo. Baba akanisukuma bega tutoke, tukakaa ngazini hadi alipotuita.

Shida yake ni kwamba majani yale hayakuwa ya Voi. Kila asubuhi yalikuwa yameanza kuwa kahawia, na kila asubuhi kabla ya chuo nilipanga foleni kwenye bomba la reli, nikabeba maji kwa kopo la lita mbili tatu, nikanyunyizia nchi ile kwa vidole. Nyanya alininung'unikia: sisi wenyewe twaoga kwa kata moja, na milima ya Mzungu yanywa. Alikuwa na msemo wake, kazi haimaliziki, humalizika mtu. Wakati huo niliudhani ni wa kunizuia kucheza.

Gari lilitembea alasiri moja tu. Bwana alikuwa ameshaambiwa na daktari arudi kwao, na alikuwa akijishika kwenye kiti. Walikuja majirani wa landhi, karani wa stesheni, na yule mama Mtaita na mzigo wake. Baba alijaza kamani, akakiachia kile kichwa na mabehewa mawili. Kikatoka Ya Kanisa kikiyumba, kikapita juu ya daraja lisilovunjwa, kikakunja kwenye kisima, kikateremka katikati ya milima yetu ya Dawida hadi Ya Pwani, hapo kamani ikaisha. Watu walipiga makofi. Bwana hakupiga. Alimwambia baba, "Sawasawa, fundi," na baba akaitika kwa kichwa, akatafuta pa kukaa.

Baada ya wiki mbili aliondoka. Kile kichwa alikifunga ndani ya shati akaenda nacho. Meza aliniachia mimi, na kwa kuwa mkaguzi mpya alitaka baraza la viti vya mkewe, wanaume wanne waliishusha landhi siku hiyohiyo. Ilijaza chumba chote. Nyanya alilala chini ya Ayalandi, kama alivyosema, bila kucheka. Nilijaribu kuinyunyizia, lakini joto la mabati lilinishinda, na kufikia mvua za vuli milima ilikuwa imekauka rangi ya kahawa. Kisha mchwa wakaingia kwa miguu ya meza, wakala kanisa, wakala njiti zangu zote. Mabaki baba aliyapasua kuni, na uji wa nyanya ukaiva juu yake. Barua haikuja. Baba alifanya kazi ya reli miaka mingine mingi, milango na viti na vipini vya nyundo, lakini sikumwona tena akishika kitu kwa mikono miwili.

Sasa wote wamekwenda. Landhi nazo zinakwenda, na mimi nikiwahesabu waliosimama kuzunguka meza ile alasiri ile sipati hata mmoja wa kusema naye, "Unakumbuka?" Uzee si maumivu ya magoti, mwenzangu. Magoti yana dawa.

Lakini nikumalizie. Mwaka jana niliyapeleka hayo magoti hospitali ya misheni, nikahudumiwa na mtawa mzee, Mzungu. Kwa mazungumzo nikajua ni wa Ayalandi, wa upande huohuo alikotoka Bwana. Nikamuuliza habari za ile njia fupi ya kwenda baharini. Akasema ilifungwa yeye akiwa msichana, reli zikang'olewa zote, na pale sasa wanalisha ng'ombe. Hata waliozaliwa hapo hawajui ilipita wapi.

"Mimi najua," nikamwambia.

Akaweka bandeji chini. Nikamchorea kwa kidole juu ya shuka ya kitanda: hapa kanisa, hapa daraja, hapa geti la mama mmoja, hapa kisima na njia inakunja. Alifuata kidole changu bila kupumua, mtu wa nchi ile akifundishwa nchi yake na ajuza wa Voi, na nilichoka, lakini aliniomba nirudie, nikarudia. Nilipofika Ya Pwani kidole kikasimama.

"Na baada ya hapo?" akauliza. "Hapo mbele kuna nini?"

"Sijui, mwanangu," nikamwambia. "Meza iliishia hapo."