Namba Kwenye Katoni

Kaka yangu ni mchoraji, na mimi ndiye mwizi wake. Napakia sabuni kiwandani. Katoni zenye kasoro zinatakiwa kusagwa palepale, lakini mwaka wa pili huu nazikunja, nazificha chini ya koti la kazi na kumpelekea. Anayekamatwa anafukuzwa siku hiyohiyo. Kibarua changu kikiota nyasi, mimi, kaka na mama yetu tutalala njaa, maana picha zake hazijawahi kununua hata chumvi.

Yeye huzikunjua na kuchora upande wa ndani: watu wenye vinywa vikubwa wakimeza vitu madukani, na mashine zikiwatema wakiwa wamefungwa kwenye nailoni. Zinatisha. Nikimlalamikia, hucheka.

"Bidhaa ni sisi, mdogo wangu."

Mwezi uliopita alifanya maonyesho, na nani akatokea? Meneja wetu. Nilijibanza nyuma ya mlango. Kila mpakiaji hupiga mhuri wa namba yake ndani ya katoni, na kaka, kwa kuupenda wekundu wake, alikuwa ameuacha wazi katikati ya picha kubwa kuliko zote. Mia nne na kumi na mbili. Mimi huyo.

Meneja akainunua. "Hii inasema ukweli kuhusu viwanda," alisema, utadhani yeye anauza maua. Akaitundika kwenye korido tunayopita kuingia kazini.

"Umeniua," nilimwambia kaka.

"Jikaze kisabuni. Watu hawaangalii picha, wanapita tu." Alijifanya anatania, lakini kwenye katoni aliyokuwa anaichora, mhuri alikuwa ameshaupaka rangi nyeusi.

Tangu siku hiyo napita pale roho mkononi. Leo asubuhi msimamizi wetu alisimama mbele ya picha, akavaa miwani, akainama. Nyuma yake tulikuwa foleni ya watu thelathini. Nikajiambia, kaa kimya, hakuna anayekumbuka namba ya mwenzake.

Sasa, kiwandani hatuitwi kwa majina. Kila asubuhi, kwa miaka kumi na moja, msimamizi husoma namba na sisi huitikia.

"Mia nne na kumi na mbili," alisoma taratibu, kama mtu anayejisomea mwenyewe.

"Nipo!" nikaitikia.