Gurudumu la Baba Mkwe Mtarajiwa

Tangu biashara ya nje ifunguliwe, magurudumu ya mtumba ya baiskeli za gia yamejaa Bariadi. Mzee Masanja wa Sapiwi, ambaye nimemposa binti yake, alileta moja nimfungie nyuma kwenye baiskeli yake kuukuu.

Mimi, bingwa wa kutengeneza baiskeli niliyejifundisha mwenyewe, nilipima ringi mara tano, nikakaza spoku hadi adhuhuri, huku nikimhubiria umuhimu wa vipimo. Nilipolipachika, halikuingia. Habu, kile kitovu cha gurudumu kinachobeba ekseli, ilizidi nafasi ya fremu kwa vidole viwili.

Mzee akaokota bua la mahindi, akapima habu, kisha fremu.

“Nililiona hili asubuhi, baba,” akasema. “Ila ulikuwa unanifundisha, nikaona nisikukatize. Posa nayo tutaipima polepole.”