Picha za Ziwa Zilizozeeshwa kwa Chai

Orpha Kabwe alifika Nchelenge mwaka 2017 akitokea Pweto, ng'ambo ya ziwa. Alikaa Kenani, kambi ya wakimbizi, miezi mitano, na baadaye, alipopata ruhusa ya kufanya kazi mjini, akafungua chumba cha picha karibu na ofisi za halmashauri. Aliishi kwa picha za vitambulisho na za ndoa.

Mwaka 2022 Patson, mwenye nyumba ya wageni kwenye njia ya Kashikishi, alimwagiza picha kumi za ziwa za kutundika ukutani. Alizitaka nyeusi na nyeupe, zionekane kama zimetoka katika sanduku la babu. Orpha hakuwahi kufanya kazi kama hiyo. Alipiga picha za ufuko asubuhi, akaondoa rangi kwenye kompyuta, akachapa, akatumbukiza ya kwanza katika beseni la chai. Wino ukayeyuka wote. Ikabidi ageuze utaratibu: karatasi tupu iloweshwe kwanza katika chai nzito, ikauke, ipigwe pasi, ndipo ichapwe. Akajifunza pia kwamba picha ya zamani haina weusi kamili. Weusi wake umechoka, umeelekea kahawia, na kingo zimefifia kuliko katikati. Pembe alizisugua kwa msasa laini. Mnara wa simu uliotokeza juu ya matete aliufuta, maana Patson aliomba usionekane.

Wageni walizipenda. Hakuna aliyeuliza zilipigwa lini.

Miaka miwili baadaye mvuvi mmoja mzee, Sampa, aliingia na mojawapo ya picha hizo mkononi. Alikuwa ameiazima kwa Patson. Familia yake iligombania na familia ya Chisala mahali pa kuegesha mitumbwi, na mkuu wa kijiji angesikiliza shauri hilo Alhamisi. Sampa alieleza kwamba picha ile inaonyesha mitumbwi ya marehemu baba yake, mahali palepale, kabla watu wa Chisala hawajafika. Alitaka nakala kubwa.

Orpha aliitambua. Mitumbwi ile ilikuwa ya vijana kutoka Mununga waliopumzika pale siku mbili. Alifikiria kusema mashine imeharibika. Halafu akamvutia mzee kiti, akamwambia kwa Kiswahili cha Pweto:

"Papa Sampa, hii foto njo mimi niliipiga. Mu 2022."

"Hapana, mama. Hii ni ya zamani. Angalia karatasi."

"Karatasi ni chai."

Akafungua kompyuta, akamwonyesha ile ya rangi: mnara, ndoo za plastiki za bluu, jua la saa mbili. Sampa aliinama karibu na skrini. Akauliza mitumbwi ni ya nani, akaambiwa. Akasema alikuwa amemwona baba yake mle, amesimama kwenye mtumbwi wa pili, na kwamba tangu aione picha hiyo alikuwa akipita kwa Patson kila Jumapili baada ya ibada kuitazama. Orpha aliona aibu, ingawa hakujua hasa ni wapi alipokosea.

Sampa aliiacha picha mezani. Alhamisi alikwenda na mashahidi wawili tu. Ufuko ukagawanywa, naye akapata nafasi ya mitumbwi mitatu. Alikuwa amedai sita. Hajarudi kwa Orpha. Mkewe, Rosaria, bado huwaleta wajukuu kupigwa picha za shule, na husalimia vizuri.

Orpha akaanza kuandika mwaka kwenye ukingo mtupu wa kila picha ya ziwa. Patson, aliyekuwa bado akiagiza nyingine, hakupenda.

"Ukiweka mwaka, uzee unatoka," alimwambia, na fremu zake zikafunika ukingo.

Orpha alipoliona hilo, aliuhamishia mwaka ndani ya picha, juu ya maji. Patson akaacha kuagiza. Siku hizi picha za ziwa huzinunua wasafiri wanaosubiri basi dogo la Mansa, tatu au nne kwa mwezi. Wengi hawausomi mwaka.